Tairi Kubwa za Njia Mbovu: Piga Hesabu Kabla ya Kuvuka Feri

Masika yakikaribia, mazungumzo ya wenye magari huku Shika Adabu hubadilika. Aliye na shamba Kinango anawaza atafikaje. Anayebeba nazi na mihogo kutoka Matuga anajua njia za ndani zitageuka tope. Na kijana aliyenunua Hilux au Prado ya mtumba keshaanza kutafuta tairi zenye meno makubwa. Swali linalozungushwa ni moja: niweke tairi kubwa zaidi?

Mara nyingi jibu langu ni ndiyo. Tatizo ni kipimo. Wengi wetu hununua tairi kwa macho: inaonekana nene, ubavu umechorwa maandishi makubwa meupe, fundi anasema "inaingia tu", na pesa zinatoka. Wiki ya pili gari linakwaruza madigadi kila likikata kona, linakosa nguvu mlimani, na mwenyewe akipima chini ya difu anakuta amepanda kwa unene wa kidole. Yote hayo yangejulikana mapema kwa kalamu na kikokotoo cha simu, kabla hata ya kuvuka feri kwenda madukani kisiwani.

Namba unayoitafuta ni kipenyo, yaani urefu wa tairi kutoka ardhini hadi juu kupitia katikati ya rimu. Kwenye tairi nyingi za kisasa namba hiyo haikuandikwa popote. Unapewa vipande vitatu, uvijumlishe mwenyewe.

Chukua tairi ambayo Hilux, Fortuner na Prado nyingi huja nayo: 265/65R17. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 si milimita; ni asilimia, nayo inasema kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana. R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na haiingii kwenye hesabu. Na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Sasa zidisha 265 kwa 0.65, upate 172.25. Huo ni ubavu mmoja. Tairi ina ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake, kwa hivyo zidisha kwa mbili: 344.5. Inchi moja ni milimita 25.4, basi 17 mara 25.4 ni 431.8. Jumlisha 344.5 na 431.8. Kipenyo ni milimita 776.3, au inchi 30 na nusu hivi.

Ile asilimia ndiyo inayowapoteza watu. Mtu ataona 265/70R17 na 285/70R17 akadhani zina kimo kimoja kwa sababu zote zimeandikwa 70. Lakini asilimia 70 ya 265 ni 185.5, na asilimia 70 ya 285 ni 199.5. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 802.8, ya pili 830.8. Tofauti ni milimita 28, na hizo zinatosha kabisa kuligeuza gari linalotembea vizuri kuwa gari la kukwaruza.

Mtego mwingine ni wa rimu. Watu wanapenda rimu kubwa, wakiamini gari litanyanyuka. Hebu fanya hesabu ya tairi tatu: 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18. Utapata 777.4, kisha 776.3, kisha 775.2. Zote ni sawa! Rimu ya 18 haijakupandisha hata milimita moja. Imekula mpira tu. Ubavu wa ile ya rimu 16 ni milimita 185, wa rimu 18 ni 159. Kwenye lami ubavu mfupi hukamata kona vizuri. Kwenye mawe na mchanga ubavu huo ndio unaokulinda: ndio unaomeza pigo la jiwe kabla halijafika kwenye chuma, na ndio unaotanuka ukipunguza upepo. Kwa njia mbovu, afadhali rimu ndogo na ubavu mrefu, mradi rimu ipite kwenye breki zako bila kugusa. Gari lenye breki kubwa haliwezi kushuka rimu ovyo, kwa hivyo jaribisha rimu tupu kwanza kabla ya kuinunulia tairi.

Utakutana pia na tairi zilizoandikwa kizamani. Mfano 31x10.50R15: hapa hesabu umefanyiwa, kwa kuwa 31 ndiyo kipenyo chenyewe kwa inchi, sawa na milimita 787. Ile 7.50R16 ya Land Cruiser za kazi ni mtindo mwingine, 7.50 ni upana kwa inchi na asilimia haikutajwa. Kwa tairi ya aina hiyo usikisie. Tafuta jedwali la mtengenezaji, au ipime kwa utepe.

Sasa tuje kwenye jambo linalowavunja moyo watu wengi. Mtu anatoka 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kimeongezeka milimita 54.5, naye anafikiri gari limepanda milimita 54.5. Halikupanda hivyo. Ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hivyo kinachoinua gari ni nusu ya ongezeko. Hapa ni milimita 27. Kwa 265/70R17, ambayo imeongezeka milimita 26.5, difu inapanda milimita 13. Basi. Nusu nyingine imekwenda juu, kwenye madigadi, na huko ndiko inakotafuta kukwaruza.

Zaidi ya hayo, kumbuka tairi unayoivua imelika. Tairi iliyokuja na meno ya milimita 10, sasa yamebaki 3, imepoteza milimita 7 juu na 7 chini. Kipenyo kimepungua 14. Kwa hivyo hata ukirudisha kipimo kilekile cha kiwandani kikiwa kipya, umeinua gari milimita 7. Wako wanaolipia tairi kubwa wakasifu lilivyonyanyuka, kumbe sehemu ya mnyanyuko ni upya wa mpira.

Je, uongeze kiasi gani? Kwa gari ambalo halijabadilishwa springi wala gea, mimi naishia asilimia 3 au 3 na nusu. Kupata asilimia, gawa kipenyo kipya kwa cha zamani. Kwa Hilux yetu, 802.8 kugawa kwa 776.3 ni 1.034: ongezeko la asilimia 3.4. Hiyo naikubali. Kwa 830.8 ni asilimia 7, na hapo umeshaingia kazi nyingine ya springi, kukata plastiki, na pengine kubadilisha uwiano wa gea za difu. Kwa Forester yenye 215/65R16, kipenyo ni 685.9, ukiweka 215/70R16 unafika 707.4, asilimia 3.1 zaidi, na gari linapanda karibu milimita 11. Kwa njia ya Kinango wakati wa kiangazi inatosha.

Probox inahitaji maneno yake, maana ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote huku kwetu. Nyingi za umbo lililotoka 2014 zina 155/80R14, kipenyo milimita 603.6. Wengi huzivua wakaweka 175/70R14 kwa kuwa inaonekana nene na imara. Fanya hesabu: 175 mara 0.70 ni 122.5, mara mbili 245, jumlisha 355.6 za rimu, unapata 600.6. Gari limeshuka! Upana umeongezeka, kimo kimepungua. Na si hilo tu. Baada ya kipimo kuna namba nyingine ndogo inayosema tairi inabeba uzito gani. Tairi ya kiwandani ya Probox hiyo huandikwa 88, yaani kilo 560 kwa tairi moja. Nyingi za 175/70R14 huandikwa 84, yaani kilo 500. Ukizidisha kwa nne, umepoteza kilo 240 za uwezo kwenye gari unalolijaza magunia. Ukitaka kupanda kidogo, 185/70R14 inakupa 614.6, na nyingi zake zimeandikwa 88. Hata hapo soma upepo wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni. Ile ya kiwandani ilitengenezwa kwa kazi ya mizigo na inakubali upepo mkali kuliko tairi ya gari la abiria.

Herufi inayofuata namba ya uzito ni kikomo cha mwendo. Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180. Tairi nyingi za matope ni Q, na kwa barabara zetu inatosha.

Kama unalo gari lenyewe mbele yako na huamini karatasi, kuna kipimo cha kutumia mikono. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, kituo cha mafuta kinafaa kukiwa hakuna foleni. Weka upepo sawasawa kwanza. Piga mstari wa chaki chini kabisa ya tairi, ubavuni hadi sakafuni, ili alama iwe kwenye mpira na kwenye saruji mahali pamoja. Mwenzako asukume gari polepole, usukani umenyooka, mpaka ile alama ya mpira izunguke na kurudi chini tena. Piga chaki sakafuni hapo. Sasa pima kwa utepe kutoka chaki hadi chaki. Huo ni mzingo halisi, pamoja na uzito wa gari na mbonyeo wa mpira. Ukifanya hivi kwa 265/65R17 utegemee kitu kama mita 2.37. Kwa vitabu vya shule, kipenyo mara 3.14, ungepata 2.44, lakini tairi iliyobeba gari haiwi duara kamili, imebonyea chini. Usiogope tofauti hiyo. La muhimu ni kulinganisha utepe na utepe au karatasi na karatasi, usichanganye. Kipimo cha chaki ndicho pia kinachofichua tairi mbili zenye maandishi sawa kutoka viwanda tofauti, moja ikiwa ndefu kuliko nyingine.

Mzingo ukiongezeka, gari linadanganya. Mita ya spidi huhesabu mizunguko ya magurudumu, nayo haijui umebadilisha tairi. Kwa ongezeko la asilimia 3.4, mita ikisoma 80 wewe uko 82.7. Kwa asilimia 7 uko 85.6. Pikapu ya biashara mwisho wake ni 80, na kipima mwendo cha polisi hakitaki kujua habari za tairi zako. Magari mengi kutoka kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hivyo asilimia 3 huenda ikakuleta karibu na ukweli. Asilimia 7 inakupitisha. Njia ya kujua ni rahisi: washa ramani ya simu inayoonyesha mwendo, mwenzako aishike, kisha endesha kwa mwendo mmoja kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Dongo Kundu, mlinganishe. Maileji nayo inapungua. Kilomita 5,000 za kubadilisha oili zinakuwa 5,350 kwa ile tairi ya asilimia 7, na hesabu yako ya mafuta itaonekana mbaya kuliko ilivyo.

Lakini mzigo mkubwa uko kwenye gea na breki. Tairi ndefu ni sawa na kubadilishiwa gea zote kuwa nzito kwa asilimia ileile. Toka Kombani upande Kwale na gari limejaa, utaliona: mlima uliokuwa ukiupanda kwa gea ya tatu sasa unataka ya pili, na gari la otomatiki linahangaika kati ya gea mbili huku oili yake ikichemka. Wakati wa kurudi ni hatari zaidi. Tairi ni ndefu na ni nzito, breki ni zilezile. Shuka kwa gea ya chini tangu kileleni, usingoje mpaka pedi zianze kunuka. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nikatae kumshauri mwenye gari la kubeba watu au mizigo apite asilimia 3 na nusu.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi afunge tairi moja tu mbele, kisha paka chaki kwenye bega la tairi, pale meno yanapokutana na ubavu. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, gari likienda mbele na nyuma taratibu. Kisha pandisha gurudumu hilohilo la tairi mpya juu ya ukingo au jiwe ili liingie ndani ya madigadi, ukate tena. Angalia ndani kwa tochi. Pakiwa na chaki kwenye plastiki, kwenye chesisi au kwenye mkono wa springi, tairi inagusa. Gari tupu likigusa, gari lililojaa litakata. Fundi atakupendekezea spesa ili gurudumu litoke nje. Mimi sizipendi: zinazidisha mzigo kwenye beringi, na mara nyingi zinahamisha mkwaruzo kutoka ndani kwenda kwenye ukingo wa bodi.

Nunua tano, si nne. Spea ya kipimo cha zamani ikifungwa kwenye ekseli moja na tairi ndefu, difu inafanya kazi mfululizo bila kupumzika, na kwenye gari linalovuta magurudumu yote wakati wote, kama Forester, joto hilo huua vifaa vya bei kubwa. Kwa magari hayo hata kuchanganya tairi mpya na zilizolika ni kosa. Hilux, ambayo magurudumu yote manne unayaingiza mwenyewe, inavumilia kwenye lami ikiwa kwenye magurudumu mawili, lakini ukiingiza yote manne sehemu ngumu huku tairi hazilingani, mitambo inabanana. Pima pia kama spea ndefu inaingia mahali pake chini ya gari, isije ikalala kwenye eksosi.

Fikiria na upatikanaji. Kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi, kilichokuwa kikitengeneza tairi za Yana, kilifungwa 2016, na sasa tunategemea zinazoshushwa bandarini. Waagizaji huleta vipimo vinavyouzika. 265/65R17 utaipata kwa urahisi. Kipimo cha nadra kikipasuka ubavu Jumapili huko Ndavaya, utalala huko. Na ukinunua mtumba, soma zile tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka hupasuka nyufa hata kama meno yamejaa.

Pesa ambazo hukuzitumia kwenye kipenyo kikubwa, nunulia kipima upepo na pampu ndogo ya betri. Kwenye mchanga mwepesi, kushusha upepo kutoka paundi 35 hadi 20 au 18 kunakusaidia kuliko milimita 13 za zaidi chini ya difu, kwa sababu tairi inatanuka kwa urefu na kuacha kuchimba. Usishuke chini ya 15 kwa rimu za kawaida. Tairi inaweza kuvuka ukingo na kutoka. Nenda polepole, usikate kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Kwenye tope la mfinyanzi mambo ni tofauti, hapo meno yaliyoachana ndiyo yanayotupa tope na kukamata, na kipenyo kinasaidia kidogo tu.

Basi fungua mlango wa dereva leo, usome kibandiko cha vipimo vya tairi, uandike kipenyo cha kiwandani, kipenyo kilichozidi kwa asilimia 3, na namba ya uzito ambayo hutashuka chini yake. Nenda dukani na karatasi hiyo, na ukiambiwa "inaingia tu", mwombe muuzaji mpige hesabu pamoja.